Mwana Kupona wa Pate, mama aliyemwandikia binti yake



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba na kumkabidhi mwenye zamu fungu lake, mama mmoja wa kundi letu aliuliza jambo ambalo halikuwa kwenye mazungumzo ya siku ile. Alisema: "Kama nikifa leo usiku, binti yangu atabaki anajua nini?" Tulicheka kidogo, maana yeye ni mtu wa utani. Kisha tukaona hacheki. Ana miezi sasa anaumwa, anakuja mkutanoni akishikilia fimbo, na binti yake ana miaka kumi na saba.

Nilirudi nyumbani na swali lile, na usiku nikakumbuka mama mwingine aliyekuwa katika hali hiyo hiyo: mgonjwa, mjane, na binti wa miaka kumi na saba mbele yake. Yeye aliishi mbali na Yahuma, kwenye kisiwa cha bahari ya Hindi, na alifanya jambo ambalo limemfanya ajulikane mpaka leo. Alimwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi. Jina lake ni Mwana Kupona binti Msham. Wengi wenu hamjamsikia. Mimi pia sikumsikia shuleni. Kule tulifundishwa washairi wa Ufaransa na Ubelgiji.

Alizaliwa kisiwani Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, karibu mwaka 1810. Neno "Mwana" si jina. Ni heshima ya kumtaja mwanamke mkubwa kwenye pwani ile, kama sisi tunavyotanguliza "Mama" mbele ya jina la mtu. Pate ni kisiwa kimoja na Siyu na Faza, miji mitatu midogo iliyogombana kwa miaka mingi kama wake wenza wa uwanja mmoja. Kufika huko mpaka leo ni kazi ya mashua kutoka Lamu, na mashua inasubiri maji ya bahari yapande, kwa sababu yakishuka njia inabaki matope na mizizi ya mikoko. Sisi tunaosubiri mto ujae ndipo balenyeri ipite tunaelewa subira hiyo.

Mume wake alikuwa mtawala wa Siyu. Watu walimwita Bwana Mataka. Jina lake kamili lilikuwa Mohamed Is-Haq bin Mbarak, wa ukoo wa Wafamau, na kwa sababu alikuwa sheikh wa mji, binti waliyemzaa aliitwa Mwana Hashima binti Sheikh. Alizaliwa mwaka 1841. Walikuwa pia na mtoto wa kiume, Mohamed bin Sheikh.

Ndoa ile haikuwa ya maisha ya kimya. Wakati ule Seyyid Said, Sultani wa Oman aliyehamia Zanzibar, alikuwa anataka pwani yote iwe chini ya bendera yake. Mombasa ilishindwa. Lamu ilikuwa upande wake. Siyu, mji mdogo wa mafundi wa viatu vya ngozi, wachonga milango na waandishi wa misahafu, ulikataa. Majeshi ya Sultani yalikuja zaidi ya mara moja katika miaka ya 1840, na jemadari wake mkubwa, Hamad bin Ahmad, aliuawa katika vita hivyo. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856 bila kukubali, na mwaka ule ule Seyyid Said naye akafa, baharini, akirudi kutoka Oman. Vita haikuisha na wazee hao. Siyu ilishikwa miaka michache baadaye, wakati wa Sultani Majid, na mmoja wa wana wa Bwana Mataka alimaliza siku zake mfungwa ndani ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa.

Nawaambia haya kwa sababu moja. Soma utenzi wa Mwana Kupona kutoka mwanzo mpaka mwisho: hutakuta mzinga hata mmoja ndani yake. Mwanamke aliyeishi miaka mingi akisikia bunduki, aliyezika mume katikati ya ugomvi wa wafalme, alipoamua kuandika aliandika juu ya kufagia nyumba, kuongea ukweli, kumheshimu jirani, kuosha choo, kusali kwa wakati. Sisi tulioona vita ya siku sita Kisangani mwaka 2000, Waruanda na Waganda wakipigana mabomu juu ya vichwa vyetu, tunajua kwamba mama hasahau bunduki. Lakini mtoto akiamka asubuhi anaomba chai, na ile chai ndiyo inabaki kuwa kazi yako.

Nyumba zake

Sikuti mahali panapoonyesha kwa kidole nyumba ya Mwana Kupona yenyewe, na nisingependa kuwadanganya. Lakini nyumba za watu wa daraja lake zinajulikana vizuri, kwa sababu nyingine bado zimesimama Lamu, na moja imefanywa makumbusho ili wageni waione jinsi ilivyokuwa.

Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, na chokaa iliyochomwa kutoka mawe hayo hayo. Dari ilishikwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haizidi sana urefu wa mtu mmoja na nusu, kwa hiyo vyumba vyote vilikuwa vyembamba na virefu, kama mtumbwi. Mgeni alikaa nje, kwenye daka, baraza yenye viti vya mawe kila upande wa mlango. Akiwa mtu wa karibu alipita mpaka uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kisha chumba kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kile cha mbele, mpaka kile cha mwisho kabisa kinachoitwa ndani. Huko ndani ukutani kulichongwa vidaka, safu juu ya safu ya vijumba vidogo vya kuwekea sahani za kigeni na vitabu. Hicho kilikuwa chumba cha mama mwenye nyumba. Humo alizaa, humo aliugua, na maiti ilioshwa karibu na humo.

Na nyumba hizo zilikuwa za nani? Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikaweka kitabu chini. Kwa desturi ya watu wenye uwezo wa Lamu na visiwa vyake, baba alimjengea binti yake nyumba, au alimgawia sehemu ya nyumba yake, wakati wa ndoa. Mume alihamia kwa mke. Akimwacha, ni yeye mwanaume aliyefunga mkeka wake na kutoka. Ndiyo maana kule unaona madaraja yanayopita juu ya barabara, yakiunganisha ghorofa ya nyumba moja na nyingine: baba alijenga ya binti ng'ambo ya njia, na wanawake wa ukoo walipita juu bila kushuka barabarani.

Huku kwetu, mjane anaweza kutolewa nje ya nyumba ya udongo na ndele aliyoipaka matope kwa mikono yake, kabla ya matanga kwisha. Mmoja wetu alitolewa hivyo. Alikuta sufuria zake nje, mvua inaingia ndani yake. Wajomba wa mume walisema ni desturi. Labda ni desturi, lakini si sheria. Sheria ya familia ya Kongo, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa na vyombo vilivyomo, na marekebisho yale yaliondoa sharti la zamani kwamba mke lazima apewe ruhusa na mume ndipo afanye jambo lolote mbele ya sheria. Shida ni karatasi. Ndoa ya kijijini isiyoandikishwa kwenye ofisi ya hali ya raia ni ngumu kuitetea mbele ya hakimu. Wamama wangapi hapa wameandikisha? Tulipoinua mikono juma lile, nilihesabu mitatu.

Kile alichomwambia binti

Utenzi wenyewe una beti mia moja hivi, kila ubeti mistari minne mifupi, mizani minane kwa mstari, na kina cha mwisho kile kile kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliuandika mwaka 1858 kwa Kiswahili cha pwani ile, Kiamu, kwa herufi za Kiarabu. Kwetu Kiswahili chake kinachosha. Mimi mwenyewe nilisoma kwa msaada wa maelezo ya chini, na kuna maneno niliyarudia mara nne. Lakini sauti ni ya mama yeyote.

Anaanza kwa kumwita binti asogee. Anamwambia kwamba ameugua mwaka mzima na hakupata nafasi ya kusema naye neno la maana. Anasema anataka kumpa hirizi na kumfungia mkufu wa lulu na marijani shingoni, na unapoendelea kusoma unaona kwamba mkufu huo ni maneno. Kisha yanafuata mambo ya dini, maana alikuwa Mwislamu wa kweli, halafu tabia: usiseme uongo, usiingie neno lisilokuhusu, mwenye hekima mheshimu, ukiona mkubwa anakuja simama umpokee. Anamtajia watano ambao mwanamke anatakiwa kuwaridhisha: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume.

Na hapo kwenye mume ndipo anakaa muda mrefu. Mume akilala usimwamshe wala usiongee kwa sauti kubwa. Kaa karibu umpepee. Akiamka asikute chakula bado. Mkande, mwogeshe, mnyoe, mpunguze ndevu, mfukizie udi. Mtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Usitoke bila ruhusa, na ukitoka usikawie njiani. Nawe ujipambe: hina, wanja, vikuku, maji ya waridi.

Najua jinsi mnavyocheka mnaposoma hapa. Mimi nilicheka pia. Kumpepea! Mwanaume akitoka kuuza mkaa, na mimi nikitoka kuchimba mihogo, nani atampepea mwenzake?

Wasomi wamebishana sana juu ya sehemu hii. Kuna waliomsifu kama mwalimu wa wake wema. Kitabu kilichotolewa Uingereza mwaka 1934 kiliupa utenzi huo kichwa chenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke, kana kwamba hakuna lingine ndani yake. Kuna waliomlaumu kwamba alifundisha wanawake kupiga magoti. Na mwaka 1991 mwanamke mmoja, msomi wa Kiswahili kutoka Marekani, Ann Biersteker, aliandika kwamba tumsome kwa makini zaidi. Mtu unayemlisha, unayemwogesha, unayemnyoa, ambaye ni kama mtoto asiyejua kusema: ni nani hasa mwenye nguvu katika nyumba hiyo? Pengine mama yule alikuwa anatabasamu huku akiandika.

Mimi sina elimu ya kuamua. Ninachokiona ni kwamba alikuwa mjane wa miaka miwili, na kwamba katikati ya mawaidha hayo anaacha kuamrisha na kuanza kukumbuka. Anamsimulia binti jinsi alivyoishi na baba yake kwa furaha na kicheko, na jinsi mzee alivyokuwa karibu kufa, alivyomwambia mara nyingi kwamba yuko radhi naye. Mtu anayetafuta sheria za ndoa tu anaruka beti hizo. Kwangu ndizo moyo wa utenzi. Mwanamke anayefundisha jinsi ya kumtunza mume anatueleza kwa kuzunguka kwamba wake amekwenda na kwamba anamkosa.

Kuna mahali pengine ambapo sikucheka. Anamwambia binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, kwamba watamvuta chini. Pwani ile iliishi kwa kazi ya watumwa, na mama huyu mwenye huruma kwa maskini wa ukoo wake hakuona tatizo. Sisi wa Tshopo hatuwezi kupita hapo kimya. Kiswahili kilitufikia Kisangani kwa njia ile ile, pamoja na msafara wa Tippu Tip na watu wake wa Zanzibar, waliofuata pembe za ndovu na wanadamu. Mwaka 1883 Stanley, akipanda mto kutoka Basoko, alikuta vijiji vilivyochomwa na kambi ya wateka watu imejaa wanawake na watoto waliofungwa minyororo. Wengine walikuwa bibi za bibi zetu. Miaka ishirini na mitano tu inatenganisha kambi ile na utenzi huu. Kwa hiyo nampenda Mwana Kupona kwa jicho moja wazi. Lugha tunayofundishia watoto wetu kusoma ilibeba vyote viwili, wimbo wa mama kwa mtoto na mnyororo, na sioni faida ya kuficha kimoja.

Baada ya mawaidha ya ndoa anarudi kwa ndugu, kwa maskini, kwa wale wasio na mtu. Halafu anaomba dua ndefu kwa ajili ya watoto wake. Mwishoni anaandika mwaka, na anasema wazi kwamba wanawake wengine nao wausome. Mwanamke wa ndani ya vyumba vile vya nyuma, asiyeonekana barabarani, alijua kabisa kwamba anaandikia wengi.

Alifariki karibu mwaka 1860. Alikuwa na miaka kama hamsini.

Binti aliyetunza

Kazi ya Mwana Hashima inasahauliwa, nami nataka tuitazame. Mama alitunga, ndiyo. Lakini karatasi ni kitu dhaifu kwenye pwani ya joto na mchwa, na mji wao ulishindwa, na ukoo wa baba yake ukatawanyika. Binti aliishi mpaka mwaka 1933. Fanyeni hesabu: miaka zaidi ya sabini baada ya mama yake kufa. Alihamia Lamu, akazeeka huko, na utenzi ukazeeka pamoja naye, midomoni mwa wanawake na katika nakala walizoandikiana. Lamu walimpa bibi harusi utenzi huo kama sisi tunavyompa binti sufuria na pagne.

Profesa Alice Werner wa London alipofika pwani ile kabla ya vita kuu ya 1914, Mwana Hashima alikuwa hai bado. Werner aliutoa utenzi katika kitabu cha chuo kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1917, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye yeye na William Hichens wakautoa tena, ule wa 1934 niliowataja. Kulikuwa na fundi mmoja wa Lamu, Muhammad Kijuma, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, ambaye alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wasomi hao; bila mkono wake mengi ya zamani yangepotea. Leo utenzi wa Mwana Kupona unasomwa katika vyuo vya Kenya na Tanzania na mbali zaidi.

Siyu yenyewe imebaki mji mdogo. Ngome ya mawe iko pale bado kando ya mkono wa bahari, imetengenezwa upya, na mafundi wa ngozi hawajaisha. Wapiganaji wa Bwana Mataka wanajulikana na wanahistoria wachache. Mke wake anajulikana na kila anayesoma fasihi ya Kiswahili.

Ngoja niwape kisa kidogo cha upande mwingine wa dunia, maana kinanishangaza kila nikikumbuka. Mwaka ule ule wa 1858, katika mji mdogo wa Amherst huko Marekani, mwanamke aitwaye Emily Dickinson alianza kunakili mashairi yake kwenye karatasi safi na kuzishona kwa uzi ziwe vijitabu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, hakuolewa, aliishi katika nyumba ya baba yake, nyumba kubwa ya matofali iliyojengwa na babu, na alipozidi umri alitoka mara chache sana. Kaka yake aliishi na mke wake nyumba ya jirani, njia ya miguu katikati. Emily alioka mkate, alitunza maua, na aliandika. Alipofariki mwaka 1886, mdogo wake Lavinia alifungua sanduku na kukuta yote: vijitabu arobaini, na karatasi nyingine nyingi. Mashairi yake yanafika karibu 1,800, na alipokuwa hai yalichapishwa chini ya kumi na mawili.

Lavinia alichoma barua, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, lakini mashairi hakuyachoma. Aliwasumbua watu mpaka kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1890. Kisha familia ikagombana juu ya karatasi hizo kwa miaka mingi, upande mmoja na sanduku lake, upande wa pili na lake, na kulikuwa na mambo ya mapenzi ya nje ya ndoa ndani yake ambayo gazeti letu la familia litayapita. Leo nyumba zote mbili ni makumbusho.

Mwana Kupona hakuacha ugomvi wa namna hiyo, kwa sababu alisema tangu mwanzo karatasi ni ya nani.

Nini kilibaki kwa mama yangu

Sasa nirudi nyumbani. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa hajui kusoma, lakini alijua mpaka wa kila shamba la ukoo upande ule wa kijito: mti gani uliopandwa na babu, wapi palikuwa na kichuguu, nani aliazimwa sehemu na kwa masharti gani. Alijua majani ya kuogesha mtoto mwenye degedege na alijua pia, na hili ni muhimu zaidi, ni degedege ipi ya kukimbiza hospitali bila kuchuma jani lolote. Alijua nani ni ndugu wa kweli na nani tulimzoea tu.

Juma lake la mwisho aliniita mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nafua. Mara ya pili ilikuwa siku ya soko, nikamwambia, "Mama, ngoja nirudi." Niliporudi alikuwa ameshalala usingizi usioongea, na baada ya siku mbili akaenda. Miaka mitatu baadaye tulipoteza nusu ya shamba lile mbele ya wazee, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kuonyesha kichuguu kilikuwa wapi. Aliyelichukua simlaumu. Pengine alisema kweli. Ndiyo uchungu wenyewe: sijui, na aliyejua alikuwa ameniita.

Kwa hiyo niliposoma kwamba Mwana Kupona alimwambia binti yake asogee na alete wino, nilitamani kujua kama Mwana Hashima naye alikuwa na nguo za kufua siku hiyo. Utenzi hausemi. Tunajua tu kwamba alikaa.

Alhamisi

Wiki hii, Alhamisi baada ya shamba, tutakutana mahali petu pa kawaida. Tumekubaliana kwamba pesa kidogo ya sanduku la chama itanunua makaye, moja kwa kila mama, na kalamu za wino wa bluu, maana nyeusi za soko letu zinafifia. Yule asiyejua kuandika atakuja na binti anayejua, au mwana, au mkwe. Mkwe mwema pia ni mtoto. Hatutaandika mashairi, isipokuwa kwa anayeweza. Tutaanza na vitu vya kawaida: tarehe za kuzaliwa za watoto wote, pamoja na wale waliofariki. Mipaka ya mashamba. Nani anatudai na tunamdai nani, bila aibu. Chanjo alizopata kila mtoto. Magonjwa ya ukoo. Majina ya bibi mpaka pale kumbukumbu inapofika. Kisha ukurasa mmoja ambao kila mama ataandika anachotaka, na hakuna atakayeusoma isipokuwa yule aliyeandikiwa.

Wale wenye ndoa ambazo hazijaandikishwa, njooni na majina ya mashahidi wawili wawili. Dada yetu mmoja anayefanya kazi ya karatasi atatueleza hatua moja baada ya nyingine, na gharama halisi, ili msije mkalipishwa zaidi njiani.

Yule mama wa fimbo nilimpitia jana kumwambia. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, binti yake anamsuka nywele. Nilimweleza habari ya Mwana Kupona, ya nyumba za matumbawe na ya kumpepea mume, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamwambia binti: "Umesikia? Alhamisi usiende mtoni kufua."

Binti hakujibu. Aliendelea kusuka, lakini niliona ameanza kusuka polepole zaidi.